Jina Katika Daftari: Uhuru wa Watumwa na Utafutaji wa Mababu wa Freretown

Kitabu cha James Juma Mbotela kiitwacho Uhuru wa Watumwa kilitolewa London mwaka 1934, na tangu siku hizo wataalamu wamekisoma kwa namna mbili. Wako waliotafuta humo mwanzo wa riwaya ya Kiswahili, wakapima mtiririko wa hadithi na ufundi wa usimulizi. Wako na waliokilaumu kwa kuwa kimewasifu Waingereza kupita kiasi, kana kwamba uhuru ni zawadi iliyoshuka kutoka manowarini. Kila kundi lina hoja, wala si kazi ya makala haya kuzirudia hoja hizo. Lakini iko namna ya tatu ya kukisoma kitabu hiki, nayo imeachwa nyuma, ijapokuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na wasomaji wake wa kwanza. Hiyo ni namna ya wajukuu. Mjukuu hakishiki kitabu hiki ili apate kujua kama ni riwaya au si riwaya. Hukishika kwa kuwa anamtafuta babu yake.

Kwa mtu huyo swali ni moja: je, kitabu hiki chaweza kumpeleka ng'ambo ya mahali daftari la kanisa linapokoma? Jibu litakalotetewa hapa ni kwamba chaweza, lakini kwa hatua chache kuliko inavyodhaniwa. Na sababu yake ni kwamba kitabu chenyewe, bila ya mwandishi kukusudia, kimeandikwa kwa jicho la daftari. Daftari la ubatizo huanza kumjua mtu siku alipookolewa. Kitabu nacho, kijapoeleza yaliyotangulia, kimemfanya aliyeokolewa azaliwe upya siku ile ile. Atakayetaka kuvuka mpaka huo hana budi kuacha kufuata mstari wa ukoo kama ulivyoandikwa, akaanza kulichunguza jina lenyewe. Na kazi hiyo ni ya mtaalamu wa lugha kabla ya kuwa ya mwanahistoria.

Yafaa kwanza kutazama ni maandishi gani yaliyopo. Mtu wa Uingereza amtafutaye babu yake wa karne ya kumi na tisa ana njia iliyokwisha kufyekwa. Sensa ya nchi ile iliandika majina ya watu nyumba kwa nyumba tangu mwaka 1841, na tangu mwaka 1851 ikaandika kila mtu ana uhusiano gani na mwenye nyumba na alizaliwa wapi. Hapo daftari la kanisa na karatasi za sensa hushuhudiana: lililosahauliwa na moja hukumbukwa na lingine. Pwani ya Afrika ya Mashariki haikuwa na jambo kama hilo. Katika karne ile hapakufanywa huku hesabu ya watu iliyowataja watu wote kwa majina. Zile zilizofanywa katika karne ya ishirini ziliwapanga Waafrika kwa idadi na makabila. Mtu mmoja alikuwa tarakimu tu katika jumla.

Badala ya sensa yapo maandishi ya namna nyingine, nayo yote yalizaliwa na biashara ya watumwa au na kukomeshwa kwake. Iko orodha ya watumwa walioachwa huru Unguja katika miaka ya 1860 na 1861 kwa amri ya Konseli Rigby, ambao walikuwa mikononi mwa Wahindi raia wa Uingereza. Idadi yao yapita 3,000, na orodha yenyewe hutaja jina la mtumwa, kabila lake, na bwana wake. Baada ya mkataba wa tarehe 5 Juni mwaka 1873, uliofungwa na Sayyid Barghash, ziko habari za majahazi yaliyokamatwa na manowari, na za watu walioteremshwa kutoka majahazi hayo. Viko vitabu vya ubatizo na ndoa vya misheni: vya Waanglikana wa U.M.C.A. huko Unguja, vya Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na vya C.M.S. huko Rabai na huko Freretown, mji ulioanzishwa mwaka 1875. Tena ziko hati za uhuru za Rabai za mwanzo wa mwaka 1889, wakati Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipowalipa mabwana fedha ili watoro zaidi ya 1,400 waliokimbilia misheni wapate kuachwa.

Maandishi haya si machache. Lakini kila moja limemwona mtu kwa dirisha lake. Orodha ya konseli ilimtaka mtu kwa ajili ya bwana wake. Habari za manowari zilimtaka kwa hesabu ya vichwa. Daftari la kanisa lilimtaka kwa ajili ya roho yake. Hapana hata moja lililomtaka kwa ajili ya wazazi wake. Ndiyo maana mjukuu, afikapo kwenye nafasi ya jina la baba na mama, mara nyingi hukuta pamebaki peupe. Na mahali pa umri huandikwa makisio tu, kwa kuwa mtoto aliyetekwa hakujua kuutaja mwaka wake kwa hesabu ya kanisa, na aliyemwandika alimpima kwa kimo na meno. Hata tarehe ya ubatizo haimwambii mtafutaji siku ya kuzaliwa, kwani wengi walibatizwa wakiwa wamekwisha pevuka, baada ya kufundishwa muda mrefu.

Lililobaki ni jina. Na hapa jina la mwandishi mwenyewe ni mfano mzuri kuliko wote. Katika maneno matatu, James Juma Mbotela, zimo tabaka tatu zilizolaliana kama udongo wa kisima. James ni jina la kanisa. Juma ni jina la pwani. Mbotela ni jina la bara, lililotoka katika nchi ya karibu na Ziwa Nyasa, ambako ukoo huo wajitaja kuwa wa Wayao. Anayesoma jina hilo kwa desturi ya Ulaya huliona la mwisho kuwa jina la ukoo na mengine kuwa ya mtu binafsi. Anayelisoma kwa kufuata historia ya pwani huona safari nzima: kutekwa bara, kutumikishwa au kupita pwani, na kupokewa misheni, ila imeandikwa kinyumenyume.

Si wote waliobahatika kuhifadhi tabaka zote tatu. Huko Unguja desturi ya U.M.C.A. ilikuwa kumpa mtoto jina la ubatizo na kuliacha nyuma yake jina alilokuja nalo. Ndivyo tunavyowakuta watu kama John Swedi, aliyepewa ushemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa, aliyepewa ukasisi mwaka 1890. Swedi na Majaliwa si majina ya ukoo. Ni majina ya pwani, na Majaliwa hasa ni la namna ile waliyopenda kupewa watumwa: majina ya bahati na majaliwa, ya vito na ya siku za juma, kama Mabruki, Feruzi, Almasi, Faraji, Baraka, Juma na Hamisi. Kwa hiyo, ijapokuwa jina la namna hii laonekana kuwa mizizi ya ukoo wa leo, kwa kweli ni kisiki: lahifadhi mahali mti ulipokatwa. Chini yake liko jina jingine ambalo mama alimwita nalo mtoto, nalo halikuandikwa.

Wengine walipoteza hata kisiki. Miongoni mwa Waafrika waliosomeshwa Sharanpur, karibu na Nasik huko India, kisha wakaletwa Mombasa na Rabai kuisaidia misheni, alikuwamo William Jones, ambaye pamoja na Ishmael Semler alipewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Jones alikuwa Myao. Lakini atakayelitafuta jina la William Jones katika fahirisi yo yote ya maandishi ya Kiingereza atawapata kwa maelfu, wala hapana herufi moja katika jina hilo imwambiayo kwamba mwenye jina alitekwa mtoto katika Afrika. Hapo ndipo aonapo mtu tofauti ya sera mbili za kutia majina. Moja iliacha ufa wa kuchungulia. Nyingine ilipiga plasta.

Hata jina lililohifadhiwa lina hatari zake, kwa kuwa lilipita katika sikio la mgeni kabla ya kufika kwenye karatasi. Padre Mfaransa aliandika sauti za Kiswahili kwa herufi za kwao. Mjerumani vile vile, na Mwingereza kabla ya maandishi kutengenezwa sawasawa. Juma mmoja aweza kuwa Djouma kwa wa kwanza, Dschuma kwa wa pili, na Jooma kwa wa tatu. Chuma aweza kuwa Tchouma au Tschuma. Mtafutaji afuataye alfabeti bila kufikiri atamtafuta chini ya J peke yake, na babu yumo chini ya D. Tena si kalamu ya mgeni tu iliyobadili mambo. Msemaji wa Kiyao, ambaye lugha yake haina r, huweza kulitamka Feruzi kama Feluzi. Na mpwani aliposikia jina geni la bara alipenda kuligeuza mpaka lifanane na neno alijualo. James Chuma, aliyefuatana na Livingstone na kubatizwa Bombay mwaka 1865, ana jina ambalo sikio la pwani lingeweza kulisikia kama neno lake lenyewe la madini, au kulivuta likawa Juma. Mtu asiyejua sauti za lugha zote mbili hawezi kuamua kama Chuma na Juma ni watu wawili au ni masikio mawili.

Kabila nalo halisomeki kwa wepesi. Neno "Mnyasa" likionekana mbele ya jina, si kila mara litajalo lugha ya mtu. Aghlabu lataja upande alikotokea pamoja na msafara. Pwani iliwakusanya chini ya neno hilo watu wa lugha mbalimbali waliotoka ziwani na ng'ambo yake. Vivyo hivyo mtoto aliyekaa mwaka mzima katika mji wa Wayao kabla ya kuuzwa aliweza kufika Unguja akisema Kiyao na akaandikwa Myao, na kumbe wazazi wake walikuwa wengine. Kwa hiyo neno la kabila katika daftari ni ushahidi wa njia kwanza, na ushahidi wa nasaba baadaye.

Sasa yafaa kurudi kwenye kitabu. Ubora wake mkubwa ni kwamba kilithubutu kuanza mahali daftari lisipoanza. Mbotela, aliyezaliwa Freretown katika jamaa ya mahuru, alisikia habari vinywani mwa wale waliozipata kwa miili yao: kutekwa, mwendo wa kwenda pwani, jahazi, manowari, na maisha mapya ya misheni. Lau asingeziandika, zingezikwa pamoja na wazee. Tena aliziandika kwa Kiswahili, na jambo hili si dogo. Miaka karibu hamsini kabla yake, vijana wa shule za U.M.C.A. huko Unguja waliandika habari za maisha yao, zikatolewa na A. C. Madan mwaka 1887 katika kitabu kiitwacho Kiungani. Lakini yaliyochapishwa humo ni tafsiri ya Kiingereza. Msomaji apata habari zao, hapati maneno yao. Katika Uhuru wa Watumwa mjukuu husoma habari za babu katika lugha ambayo babu mwenyewe alizoea kuisema pwani.

Kasoro yake yaonekana tangu jina la kitabu. Husema "watumwa", kwa wingi, na husema "uhuru", kana kwamba ndio mwisho wa habari. Wingi huo watawala usimulizi: Waarabu walifanya hivi, watumwa walipata taabu hizi, Waingereza waliwaokoa hivi. Mtu mmoja mwenye jina lake, kijiji chake na ndugu zake hukaribia kutokea, kisha humezwa na umati. Kwa msomaji wa kawaida jambo hili halidhuru, pengine hata hukipa kitabu uzito. Lakini kwa mjukuu ndipo mlango unapofungwa. Aliyetaka kujua babu alitekwa na nani, kwenye mto gani, akiwa na nani, hujibiwa kwamba watumwa walitekwa. Lawama ya kuwasifu mno Waingereza yapata hapa maana nyingine kuliko ile ya siasa. Kosa la sifa hizo si kwamba zawapa wageni heshima nyingi tu. Kosa ni kwamba zaweka kitovu cha habari siku ya kuokolewa, na kila kilichokuwa kabla yake hugeuka kuwa giza la kuidhihirisha nuru. Nyumbani kwa babu pakawa mahali pa kutolewa, pasiwe mahali pa kutoka.

Ulinganisho na kitabu kingine cha Kiswahili wazidi kuonyesha hasara hiyo. Maisha ya Tippu Tip, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili na yakachapishwa mara ya kwanza na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya ishirini, ni habari za mfanya biashara ya pembe na watu. Jina lake ni Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el Murjebi. Kabla hajasema neno lolote juu ya safari zake, jina lake limekwisha mtaja baba, babu, na babu wa baba. Naye yumo Juma. Lakini Juma huyu amefungwa kwa "bin" mbele na nyuma, hawezi kupotea. Juma wa daftari la ubatizo hana "bin". Tofauti ya hao wawili ni neno moja la herufi tatu, na katika neno hilo ndimo ulimo utumwa wote. Methali husema mwacha asili ni mtumwa. Habari za Freretown zageuza methali hiyo: mtumwa hakuiacha asili yake, alinyang'anywa, na walioliandika jina lake waliusitiri wizi huo bila kukusudia.

Liko jambo moja zaidi ambalo daftari na kitabu vyote viwili havikulitilia maanani. Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtu ni wa mbumba yake, yaani jamii ya akina mama na dada na watoto wao, walio chini ya ulinzi wa mjomba. Daftari la kanisa, kwa kufuata desturi ya Ulaya, liliweka jina la baba mbele na kulipitisha kwa watoto. Hivyo hata pale jina la bara lilipohifadhiwa, liligeuzwa njia yake. Mjukuu afuataye jina kutoka mwana hadi baba, na kutoka baba hadi babu, adhani akwea mti wa Kiyao, na kumbe akwea mti uliopandwa misheni. Babu mwenyewe, lau angeulizwa yeye ni wa nani, pengine angemtaja mama yake, au mjomba. Swali hilo halikuwamo katika safu za daftari.

Je, kazi hii basi haiwezekani? Yawezekana, ila kwa njia nyingine. Mtafutaji asimfuate mtu mmoja, afuate kundi. Kiswahili kina neno "mjoli", mtu aliyetumikia bwana mmoja na mwenziwe, na wajoli walikuwa jamaa pale ambapo jamaa wa damu hawakuwapo. Mfano wake waonekana pia katika watu wa jahazi moja. Waliokamatwa pamoja waliteremshwa pamoja, wakaandikwa karibu karibu, na wengi wao walisimamiana katika ubatizo na ndoa. Kwa hiyo majina ya wasimamizi na mashahidi, ambayo mtafutaji mwenye haraka huyaruka, mara nyingi yana thamani kuliko la mhusika. Juma asiye na baba aliyesimamiwa na Feruzi, na Feruzi akatajwa mahali pengine pamoja na jina la jahazi au la mji wa bara, amepata angalau upande wa kutokea. Na asiyepata ushahidi wa namna hiyo asijifunge kwa Juma wa kwanza amwonaye. Majina haya yalitolewa kwa mamia. Kujitwalia babu kwa kufanana jina ni kumpoteza babu mara ya pili.

Mambo haya si udadisi wa wazee tu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwauliza watu kabila. Tanzania haikuuliza swali hilo katika sensa zake tangu ile ya mwaka 1967. Mtu wa ukoo wa mahuru aulizwapo kabila mlangoni pake hana budi kutoa jibu la neno moja, na neno hilo huamua jirani amwone mwenyeji au mgeni katika mji ambao wazee wake walizikwa. Jina la ukoo wa Mbotela lilijulikana Kenya nzima kwa sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye kwa miaka mingi aliwauliza wasikilizaji wa redio kama jambo fulani ni la kiungwana. Hapana aliyeuliza jina hilo limetoka wapi. Lilikuwa limekwisha kuwa la nchi. Lakini wako wengine wengi walio na Juma na Feruzi tu, wasio na kitabu wala redio.

Kwa hiyo hukumu juu ya Uhuru wa Watumwa haina budi kuwa na pande mbili. Kama nasaba, kitabu chapungukiwa. Kama ushahidi wa jinsi watoto wa mahuru walivyofundishwa kuikumbuka asili yao, hakina mfano. Kinachotakiwa ni toleo jipya lenye kukiweka kando ya maandishi ya zama zake: kila mahali na kila jahazi litajwalo lilinganishwe na daftari, kila jina liandikwe pamoja na sura zake zote za Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza, na kila neno la kabila lifafanuliwe kwa lugha, si kwa njia ya msafara peke yake. Kazi hiyo itahitaji wajuao Kiyao, Kinyanja na Kimakua pamoja na Kiswahili cha pwani, tena itahitaji kufanywa kabla karatasi hazijaliwa na mchwa na chumvi.

Huko Freretown mnara wa kengele ungali wasimama, na mahali pale paitwa Kengeleni mpaka leo. Kengele ile iliwaita watu wote kwa mlio mmoja. Daftari liliwaandika karibu hivyo hivyo, na kitabu kikawasimulia hivyo hivyo. Kazi iliyobaki kwa wataalamu wa lugha ni kuwatenga tena mmoja mmoja, kila mtu kwa jina aliloitwa kwao.